Beseni la Mgeni Rasmi

Marehemu mke wangu alikuwa mlishaji. Hakulisha kuku wala ng'ombe. Alilisha bakteria.

Watu wakimuuliza kazi yake alijibu hivyo hivyo bila kupepesa macho, nao walicheka. Jirani yetu, fundi cherehani, alitaka kujua kama wana midomo.

"Hawana," mke wangu akasema. "Ndiyo maana hawasengenyi."

Fundi akarudi kwenye cherehani yake.

Kazi yenyewe ilikuwa pale kwenye mradi, nyuma ya kiwanda cha sukari. Mimi nilitengeneza baiskeli ng'ambo ya barabara, mkabala na lango, kwa hiyo mengi niliyaona mwenyewe. Mengine alinisimulia jioni akivua viatu. Alikuwa na kawaida hiyo. Akikaa kwenye kigoda na kuanza kulegeza kamba, habari zinaanza. Kiatu cha pili kikitoka, habari imekwisha, na ukiuliza zaidi unaambiwa subiri kesho.

Aliingia pale kama mfagiaji. Mlishaji wa kwanza alikimbia harufu ya molasi. Molasi ni ile shira nyeusi inayobaki sukari ikishatolewa kwenye muwa. Ikimwagika sakafuni ikalala, inanuka pombe iliyochacha, na nzi wanakuja kwa ukoo. Mke wangu hakujali. Alikuwa ameolewa na mtu wa grisi.

Hao bakteria walikaa kwenye tangi la chuma, refu kuliko mlango. Ubavuni lilikuwa na kidirisha cha kioo, na chini bomba la hewa lililotoa mapovu mchana kutwa. Maji yake yalikuwa rangi ya chai ya maziwa. Ukichungulia huoni kitu. Aliyewaona ni binti mmoja msomi, mwembamba, mwenye darubini. Tulimwita Daktari, ingawa hakutibu mtu. Yeye alimwita mke wangu mama tangu siku ya kwanza, na mke wangu akamweka kwenye hesabu ya watoto wake.

Siku moja Daktari alimwita kwenye darubini.

"Mama, njoo uwaone unaowalisha."

Mke wangu akaweka jicho. "Mbona wana vitu vinang'aa tumboni? Mayai?"

"Mafuta. Ni akiba yao."

"Wananenepa kwa molasi yangu."

"Kwa molasi yako, na kwa kile unachowanyima."

Hapo Daktari akamweleza. Siku za mwanzo bakteria wanapewa molasi pamoja na mbolea ile nyeupe ya kukuzia mimea. Wakiwa na vyote viwili wanazaana, wanajaa tangi, lakini ni wembamba. Kisha mbolea inakatwa, molasi inaendelea.

"Sasa hawawezi kuzaana, maana mwili haujengwi kwa sukari peke yake," Daktari alisema. "Na sukari bado inaingia. Wakiiacha ilivyo, inawavuruga, kazi za ndani zinakwama. Kwa hiyo wanaigeuza mafuta, wanayatenga kwa punje. Mlango wa nyuma unafunguliwa nyumba isifurike."

"Na mbolea ikirudi?"

"Wanachota kwenye punje, wanaendelea kuzaana. Njaa ikija pia wanachota, wanaishi."

"Anayewapimia nani?"

"Hakuna mama mwenye nyumba mle. Juu ya punje yenyewe wamekaa wajenzi na wakataji, bega kwa bega. Wajenzi wanaongeza, wakataji wanamega. Shibe ikiwepo, wajenzi wanashinda. Njaa ikiwepo, wakataji. Lakini hawalali kabisa, mama. Hata wakati wa kuweka, kidogo kinamegwa."

Mke wangu aliponisimulia hilo alinitazama. "Nikamwambia namjua mtu wa namna hiyo. Mboga iko jikoni, haijaiva, kifuniko kimeshafunuliwa." Kiatu cha pili kikatoka. Sikupata nafasi ya kujitetea.

Mradi ulikuwepo kwa sababu mafuta hayo, yakitolewa na kukaushwa, ni plastiki. Unaiyeyusha, unaifinyanga. Tofauti yake na ya dukani ni kwamba hii ukiifukia udongoni inaoza. Wadudu wa udongoni nao wana wakataji wao, wanaimega, wanaila. Daktari alisema kitu cha kwanza kutengenezwa kitakuwa beseni.

Wakati huo binti yetu alikuwa mjamzito. Huyo ndiye angekuwa mjukuu wetu wa kwanza.

"Beseni la kwanza ni la mjukuu wangu," mke wangu akatangaza. "Ataogeshwa kwenye mafuta niliyoyanonesha kwa mkono wangu."

Alimwambia Daktari, Daktari akakubali. Alimwambia mlinzi wa lango. Alimwambia fundi cherehani. Alimpigia binti yetu simu, na mimi nilikuwa karibu nikasikia.

"Mama, mtoto akaogee bakteria?"

"Wewe uliogea nini? Lile karai la baba yako la kutafutia pancha."

Ni kweli. Nikikosa karai kibandani nilijua liko nyumbani na mtoto yumo ndani.

Basi beseni likawa la mjukuu, jambo limekwisha. Sijawahi kumwona mke wangu akitaka kitu hivyo. Hakuwa mtu wa kutaka vitu. Nilipomwoa alikuja na sanduku moja, na nusu yake lilikuwa na mbegu.

Sasa mkurugenzi.

Mkurugenzi wa mradi alikuwa mtu wa kitambi. Kitambi kilitangulia kuingia kikaoni, kikapata kiti, ndipo mwenyewe akafika. Hakupenda tangi, lilikuwa na unyevu. Alipenda ripoti. Aliwahi kukaa kwenye maelezo ya Daktari mara moja, akatoka na somo moja: kiumbe akinyimwa kitu, anazalisha.

Wiki hiyo hiyo aliita wafanyakazi wote uani.

"Ndugu zangu," akasema, "viumbe hawa wadogo ni walimu wetu. Wamenyimwa kitu kimoja tu, tazameni walivyoleta tija. Kuanzia kesho chai ya saa nne imesitishwa."

Watu wakatazama viatu. Mke wangu akanyoosha mkono.

"Bosi, wao wamenyimwa mbolea, lakini molasi wanapewa hadi wanasaza. Sisi molasi yetu ni ipi?"

"Moyo wa kujituma, mama."

"Huo nauchanganya na maji kiasi gani?"

Wafanyakazi wakashikwa na kikohozi, wote kwa pamoja. Mkurugenzi akasema ni swali zuri, litajibiwa kwenye kikao. Kabati la vikombe likafungwa, likabaki na vijiko tu, kwenye ukumbi mdogo nyuma ya maabara. Chai ya mkurugenzi haikusitishwa. Ya kwake haikuitwa chai, iliitwa kikao.

Halafu ikaja habari kwamba mradi utatembelewa na mgeni rasmi.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama, na hakuna aliyeona, maana kila mtu alikuwa anapaka mawe chokaa. Kamati ya Mapokezi iliundwa. Mawe ya njiani yalipakwa. Yaliyokuwa yamepakwa mwaka wa nyuma yakapakwa tena ili yasione wivu. Miti ikafungwa vitambaa kiunoni. Mlinzi akapewa kofia, kubwa kidogo, akawa anasalimia watu huku ameishika.

Kamati ikaamua na jambo la tangi. Pale kulikuwa na mashine ya kuzungushia, inayowatenganisha bakteria na maji yao ili mafuta yatolewe. Haikuwahi kuwashwa. Ikaamuliwa mgeni rasmi ndiye atakayebonyeza kitufe. Hiyo ndiyo kawaida ya miradi: hakuna kinachoanza kabla ya utepe. Hata kama kimeiva, kitasubiri mkasi.

Daktari alipanga kazi yake kwa kuangalia siku ya mgeni. Mbolea ikakatwa kwa wakati wake. Mke wangu akamimina molasi, akakoroga, akamimina. Jioni moja alikuja mwepesi, anacheka peke yake.

"Wamenona, mzee. Daktari anasema ukitazama ni punje tupu, hakuna hata pa kupitisha kidole. Kesho kutwa mgeni anabonyeza, beseni linatoka."

Kesho yake Kamati ikakagua usafi. Mwenyekiti wa Kamati alikuwa mtunza stoo, mtu wa pua kali. Akakuta mapipa ya molasi karibu na tangi, na nzi. Akasema mgeni rasmi hawezi kupokelewa na nzi. Mapipa yakabebwa yakapelekwa nyuma ya ukuta, upande wa kiwanda. Sakafu ikapigwa sabuni, ikanukia ua.

Siku ya mgeni ikafika, mgeni hakufika. Alikuwa na shughuli. Angekuja wiki ijayo.

Wiki ijayo ikawa ijayo nyingine.

Tangi likabaki bila molasi. Hewa ikaendelea, maana mkurugenzi aliyapenda mapovu. Alisema mgeni akitokea ghafla asikute tangi limenyamaza, atadhani limekufa.

Daktari akaenda ofisini kwake. Mke wangu alikuwa mle anadeki, akasikia yote, na mimi nikayapata akiwa na kiatu mkononi.

"Bosi, naomba tuvune leo," Daktari alisema. "Tangi halina chakula. Wameanza kula akiba."

"Kitufe ni cha mgeni."

"Basi turudishe molasi."

"Na nzi?"

"Basi tupunguze hewa, watakula polepole."

"Na mapovu?"

Daktari akasogea mezani. "Bosi, wanakula beseni."

Mkurugenzi alikuwa kwenye kikao chake cha saa nne, chenye keki. Akafuta makombo kwenye tai.

"Waambie wavumilie," akasema. "Hapa sote tunavumilia."

Aliponimalizia hilo mke wangu hakuvua kiatu cha pili. Alikaa nacho mguuni mpaka chakula kikapoa.

"Linaliwa," akasema. "Wala sio kosa lao. Na mimi ningelila."

Asubuhi akaondoka na chupa yetu ya chai. Nilidhani ameamua kujipelekea chai. Kumbe alipita nyuma ya ukuta, akachota molasi kwenye yale mapipa, akaingia nayo langoni mlinzi akimsalimia huku ameshika kofia. Alipofika kwenye tangi, Daktari akamshika mkono.

"Mama, ukimimina hiyo humu ni kama kumwagilia uwanja wa mpira kwa kikombe."

"Nikae nitazame tu?"

Daktari akafikiri. Kisha wakachota bakteria wa tangi wakajaza chupa moja kubwa ya kioo, wale waliobaki na punje kidogo. Wakatafuta pa kuificha. Mahali walipopata palinifurahisha hata mimi: kabati la vikombe. Tangu chai isitishwe hakuna aliyelifungua. Wakaingiza na pampu ndogo ya hewa, zile za watu wanaofuga samaki wa mapambo. Mwenyekiti wa Kamati alipita hapo mara nyingi akasikia mlio, akaandika kwamba ukumbi una panya.

Kila asubuhi chupa ya chai ikaenda na molasi. Jioni ikarudi, ikaoshwa, ikatengenezewa chai. Chai ya wakati ule sitaisahau. Haikuhitaji sukari, na ilikuwa na rangi ya oili ya injini.

"Hao wa chupani wanatosha beseni?" nilimuuliza.

"Daktari anasema hawatoshi hata mfuniko wake." Akaendelea kukaza kifuniko cha chupa. "Lakini siwezi kuwaacha wote."

Mgeni rasmi hatimaye akaja. Asubuhi hiyo dereva wa mradi alisimamisha gari mbele ya kibanda changu, akateremka mbiombio.

"Mzee, niazime tupa."

"Ya nini?"

"Ya utafiti."

Nikampa. Akafungua buti, akatoa beseni la plastiki, la buluu, jipya la sokoni. Akaligeuza akaanza kukwangua chapa ya kiwanda iliyokuwa chini. Nilisimama nikatazama. Alikwangua kwa bidii, jasho linamtoka.

"Kwani la kwenu halijatoka?" nikamuuliza.

"Mzee, mimi ni dereva."

Akanirudishia tupa ikiwa na vumbi la buluu.

Haikupita muda akaja mtunza stoo. Mkurugenzi alitazama wafanyakazi akawaona wachache, hawajazi picha. Wakaamua kukopa watu barabarani. Nikachukuliwa mimi, fundi cherehani, na muuza vocha wa kona. Tukavishwa makoti meupe. Langu lilikuwa refu, likafunika grisi yote. Fundi cherehani alikagua mshono wa la kwake akasema aliyelishona alikuwa na haraka.

Tukapangwa mstari. Mke wangu alikuwa mbele, karibu na tangi, amefunga kitambaa kipya kichwani. Akaniona. Midomo ikamcheza.

Mgeni rasmi alikuwa mtu mpole, mwenye suti. Alipita akishika mikono. Akafika kwangu.

"Na wewe mzee, kazi yako nini hapa?"

"Naangalia presha," nikasema. Ndiyo niliyoifanya siku hiyo, matairi mawili kabla ya saa tatu.

"Vizuri sana. Presha ikizidi inakuwaje?"

"Inapasuka, mheshimiwa."

Msaidizi wake akaandika.

Mgeni akakata utepe. Akabonyeza kitufe. Mashine ikanguruma, ikatetema, meza ikatetema, watu wakapiga makofi. Ilipotulia Daktari akafungua. Kilichotoka kilikuwa tope jepesi, la kijivu. Zamani, kwenye majaribio yake madogo, tope hilo lilikuwa zito, jeupe, limejaa mafuta. Hili hata ungelifinya lisingetoa kitu. Tangi zima walikuwa hai, lakini wamekauka. Walikuwa wamesubiri mgeni kwa gharama zao wenyewe.

Daktari alifungua mdomo. Mkurugenzi akawahi.

"Na haya, mheshimiwa, ndiyo matunda."

Akampa mke wangu ishara. Mke wangu alikuwa ameambiwa dakika ile ile nyuma ya pazia: wewe ndiye mlishaji, wewe ndiye utakayeleta. Akatoka amelibeba lile beseni la buluu juu ya kitambaa cheupe. Alilishika mbali na mwili, kama unavyoshika mtoto wa watu.

Mgeni rasmi akaligonga kwa vidole. Likalia. Akalipima uzito. Akaligeuza akaona mikwaruzo ya tupa yangu.

"Hii ni nini?"

"Ni alama ya ubora," mkurugenzi akasema.

"Ajabu. Na nasikia linaoza udongoni?"

"Kabisa, mheshimiwa."

Mgeni akamgeukia mke wangu. "Mama, wewe ndiye uliyewalisha hawa viumbe?"

"Mimi, mheshimiwa."

"Uliwalisha vizuri."

"Niliwalisha mpaka nilipoambiwa nisiwalishe."

Mgeni akacheka. Mkurugenzi akacheka zaidi, kitambi kikacheka peke yake. Wote wakadhani ni mzaha wa kimama. Daktari peke yake alitazama sakafu, ambayo kwa kweli ilikuwa safi sana.

"Una wajukuu?" mgeni akauliza.

"Mmoja yuko njiani."

Basi mgeni rasmi, na moyo wake ulikuwa mzuri, tusimwonee, akainua beseni juu ili kila mtu aone.

"Nimepewa hili kama kumbukumbu," akasema. "Lakini mimi sina haki nalo. Mwenye haki ni mama huyu. Akamwogeshee mjukuu."

Makofi yakapigwa mpaka muuza vocha akaangusha kadi zake. Mpiga picha akawasogeza, mke wangu katikati, beseni mbele. Picha ile ilikaa ofisini miaka. Ukiitazama utadhani analia kwa furaha.

Tulirudi nyumbani pamoja, mimi bado na koti, wamelisahau. Alilibeba beseni kwapani. Tulipofika akaliweka katikati ya chumba, akakaa kwenye kigoda, akalitazama.

"Nilitaka beseni," akasema. "Nimepewa beseni."

Kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashindwa kukaa kwenye kigoda, akahamia sakafuni, akajifuta macho kwa kile kitambaa kipya. Nikacheka na mimi. Fundi cherehani alikuja mlangoni kuuliza kuna nini, naye akiwa na koti lake, tukacheka upya.

Alivua viatu vyote viwili bila kusimulia chochote.

Ripoti ikasema mradi umefaulu. Mkurugenzi akapandishwa, akapelekwa kwenye mradi mkubwa zaidi, wa kupunguza upotevu. Tangi likamwagwa, likaoshwa kwa dawa ya chooni, likageuzwa la maji ya kumwagilia maua. Mawe yako pale pale, meupe.

Siku ya kuondoka, Daktari alikuja kwetu na mfuko mdogo. Ndani mlikuwa na kijiko. Kifupi, chenye rangi ya manjano iliyochoka, kimepinda kidogo kwenye mpini. Wale wa kabatini aliwavuna bila utepe, na mafuta yao yote yakatosha hicho. Alikifinyanga kwa kalibu aliyoitengeneza mwenyewe kwa kukandamiza kijiko cha chai, kimojawapo cha vile vilivyobaki kwenye kabati.

"Mama, beseni nimeshindwa," alisema.

Mke wangu akakigeuza mwangani, akakinusa. "Hiki ndicho cha kwangu," akasema. "Umekula?"

Daktari hakuwa amekula. Akakaa akala, akafungiwa na cha njiani.

Mjukuu alizaliwa. Akaogeshwa kwenye beseni la mgeni rasmi, maana beseni ni beseni na mtoto hajui. Mke wangu alikuwa akimmwagia maji anasema, "Karibu mheshimiwa, uzinduzi umefika." Mtoto alipoanza kula, alilishwa kwa kile kijiko. Kikishatumika kilioshwa, kikafutwa, kikawekwa juu pakavu. Mtu mwingine hakuruhusiwa kukigusa. Mimi nilikitumia mara moja kuonjea mboga nikakamatwa.

Halafu aliugua.

Sina mengi hapa. Alikuwa mwanamke wa mwili, mnamkumbuka mliomjua. Mwili ukaanza kupungua. Chakula kilikataa kukaa. Nesi alisema anaishi kwa akiba yake.

"Nakula punje, mzee," aliniambia.

"Unazo nyingi."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

Nikamweka sawa shuka. Akanishika kidole.

"Hata hivyo," akasema, "zilikuwa tamu kuziweka."

Tulimzika kabla ya mvua. Mkurugenzi alituma salamu za rambirambi kwa barua yenye mhuri. Daktari alikuja mwenyewe, kwa basi, akakaa jikoni na binti yangu akiosha vyombo.

Viatu vyake bado viko mlangoni. Binti yangu aliwahi kuuliza kama avitoe. Nikamwambia avipanguse tu.

Mvua zilipoanza, kijiko kikapotea. Nilitafuta kila mahali. Nilimpekua fundi cherehani kwa maswali mpaka akanuna. Mwisho, mvua zikielekea ukingoni, nikamuuliza mjukuu, ambaye sasa anatembea na anaongea kuliko mama yake.

"Nimekipanda," akasema.

"Umekipanda?"

"Pale kwenye bomba, babu. Viote vingine."

Tukaenda uani, hapo maji ya kuoshea yanapotuama. Akanionyesha. Nilifukua kwa mkono. Nikakipata, ila nusu. Mpini ulikuwa umeliwa ukawa mwembamba kama ganda, na upande wa kuchotea ulikuwa na vishimo vishimo. Nilikiosha. Kilikuwa laini pembeni, kinamomonyoka.

Nilisimama nacho. Nilifikiri kukikausha nikakifungia sandukuni, mle mke wangu alimoweka mbegu zake, kisiguswe tena. Nilikuwa nimeshageuka kuelekea ndani. Nikakumbuka alikuwa mlishaji, na hakuwahi hata siku moja kumpakulia mtu chakula kisha akakirudisha chunguni.

Nikachuchumaa nikakirudisha pale pale. Mjukuu akanisaidia kufukia, akapigapiga kwa kiganja.

"Kitaota, babu?"

"Bado kinalisha watu," nikamwambia. "Wakishiba tutaona."

Beseni lile la buluu limo humu ndani. Halijapauka, halijapata ufa, chini mikwaruzo ya tupa ingali inaonekana. Mjukuu haogei tena humo, amekua. Nimeligeuza, ndilo kiti changu cha mlangoni. Jioni nalikalia nikivua viatu, na mjukuu anakuja kuchuchumaa mbele yangu anasubiri. Namsimulia kidogo ya bibi yake. Kiatu cha pili kikitoka, habari imekwisha.